Gurudumu Lililooteshwa Lengalenga

Mume wangu Stanislas Mushagalusa hakuwa mtu wa maneno. Yale Mungu aliyomnyima yeye alinipa mimi, kwa hiyo naona ni haki yangu kuyatumia kumweleza. Hapa Cimpunda, mtaa wa Bukavu tulipojenga, watu walimwita Papa Stani, fundi wa mashine. Mimi nilimwita Papa Guy, kwa jina la kifungua mimba wetu, naye aliniita Mama Guy, ingawa jina langu la ubatizo ni Adélaïde na sioni ubaya wake.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na kucha zake hazikuwahi kutakata, hata siku ya ndoa yetu. Picha ipo, anayebisha aje aangalie. Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza matrekta ya shamba la chai, hadi shamba lenyewe likafa na wenye shamba wakaenda zao. Akarudi nyumbani na sanduku la vyombo, salopeti mbili, yaani ovaroli za kazi, na tabia moja: kabla ya kuigusa mashine inayougua, aliizunguka mara tatu, mikono mgongoni, bila kusema lolote. Nilimcheka sana kwa tabia hiyo. Hakujali.

Alikuwa pia na sheria ambayo aliwafundisha wanetu wote wawili kabla hawajaruhusiwa kushika hata spana. Mtu wa mashine havai kitu shingoni wala kidoleni, kwa sababu mashine haichagui inachokikamata. Pete yake ya ndoa ilikaa kwenye kopo siku zote za kazi, na mimi nilikasirika mwaka mzima kabla ya kuzoea.

Tangu alipotoka kwenye chai alitunza trekta moja tu, la chama cha akina mama wakulima. Lilikuwa kuukuu, limezaliwa kabla ya Guy, na rangi yake nyekundu ilikuwa imebaki kwenye pembe tu. Lililima mashamba ya chama upande wa Kabare, na siku za soko lilivuta rimoki, tela lake la mizigo, na mihogo na ndizi hadi kwenye ghala yetu, chini ya soko la Kadutu. Guy ndiye aliyeliendesha. Papa Guy alilisikiliza likiwa bado mbali barabarani, akaniambia kabla halijafika nini kimelegea.

Mtoto wetu wa pili aliitwa Gloire. Nimtaje sasa hivi, maana bila yeye habari hii haina kichwa wala miguu. Alikuwa na miaka kumi na saba, msahaulifu kupita kiasi, mtu wa kuondoka kisimani akiacha ndoo kisimani. Siku moja ya mwezi wa kumi mwaka 1996 alisahau kukaza nati mbili za gurudumu la mbele. Baba yake aliziona, akamgombeza mbele ya akina mama wote wa chama. Alimwambia hana mkono wa kazi hii. Gloire alinawa, akavua salopeti, akavaa shati lake la Jumapili na kushuka mjini.

Ilikuwa wiki ileile vita vilipoingia Bukavu. Kesho yake risasi zililia kutwa nzima, mji ukamwagika barabarani, kila mtu na godoro lake kichwani. Gloire hakurudi siku ile wala siku zilizofuata. Tulimtafuta makanisani, hospitalini, kwenye njia zote walizopita wakimbizi. Hatukumpata hai na hatukumpata amekufa, na anayejua jambo hilo hahitaji kuelezwa, na asiyelijua simwombei alijue.

Wiki ya pili Papa Guy aliniuliza swali moja. Gloire alikuwa na medali ya Bikira Maria, ya shaba, nene kuliko sarafu, aliyopewa siku ya komunyo yake ya kwanza. Aliivaa siku zote kwa uzi mweusi, ila saa za kazi.

“Medali yake, alienda nayo?” aliniuliza.

Medali hiyo nilikuwa nimeipata asubuhi ileile, mfukoni mwa salopeti ya Gloire nilipoichukua kwenda kuifua. Nilimtazama mume wangu. Uso ulikuwa umemwisha, amebaki macho. Nikafikiri, kama siwezi kumpa mtoto, angalau nimpe hili, aamini kwamba popote Gloire alipo Mama wa Mungu yuko naye. Nikasema ndiyo, alienda nayo. Akaitika, “Sawa,” akainuka akaenda kuliangalia trekta. Hakuuliza tena, wala jina la mtoto halikutoka kinywani mwake tena. Mimi nikahesabu kwamba nimemfariji. Niliishona medali kwenye pindo la kitenge changu, na kila niliponunua kitenge kipya niliihamisha.

Mwaka 1998, mwezi wa nane, vita vilirudi. Safari hii kila chenye magurudumu kilichukuliwa na askari, gari la mgonjwa kama gari la harusi. Papa Guy hakungoja zamu yetu. Alilinyanyua trekta kwa jeki, akaliweka juu ya mawe ndani ya ghala, akatoa magurudumu yote manne na kuyatawanya. Yale madogo ya mbele yalilala chini ya magunia. La nyuma la kulia lilizikwa kwenye shamba la mmoja wetu. La nyuma la kushoto, zito kama ng'ombe, tulipewa sisi.

Tulilipandisha Cimpunda Jumapili mchana kweupe, wakati wa misa ya pili, wanaume wanane wakilisukuma na mimi nyuma nikiwapigia kelele. Wengine walitaka tungoje giza. Papa Guy alikataa. Gizani kila abebaye kitu ni mwizi au askari, alisema, lakini mchana ni mtu na mzigo wake tu. Tukalilaza uani, akaniambia nilijaze udongo. Nikapanda lengalenga, mchicha wetu wa huku. Mvua ilipokuja zilichipua vizuri kuliko za bustani yoyote hapa Cimpunda, na mpira ukafunikwa na majani.

Askari walikuja kutafuta magurudumu mara mbili. Mara ya pili mmoja alisimama juu yake kabisa, buti lake kwenye ukingo wa mpira, akaniuliza kama mboga zile ni za kuuza. Nikamkatia fungu kubwa. Akaniambia asante kwa Kilingala, kwa adabu, nami nikaingia ndani na kukaa chini. Tulikula lengalenga za gurudumu lile miaka mitatu.

Mwezi wa saba mwaka 2001, Maman Godelive, prezida wa chama, akasema imetosha. Akina mama walikuwa wamelima kwa jembe misimu sita. Njia ya Kabare ilikuwa imetulia kidogo, na mvua za mwezi wa tisa zilikuwa hazingojei mtu. Nikang'oa lengalenga zangu kwa mkono wangu, nikatoa udongo, na gurudumu likashuka kwenye ghala lilikotoka, ambako yale mengine matatu yalikuwa yameshafungwa. Nati zake nane zilikuwa zimelala miaka yote katika kopo la maziwa lililojaa mafuta ya mawese, na zilitoka laini, zinang'aa.

Nieleze hapa jinsi gurudumu la nyuma linavyofungwa, nanyi mtaelewa nilichokifanya. Kwenye trekta kuna kitovu cha chuma, kipana kiasi cha sahani ya kulia, chenye boliti nane zilizochomoza. Gurudumu nalo lina sahani yake kubwa ya chuma katikati, yenye matundu nane. Sahani inalala juu ya kitovu, chuma kwa chuma, kisha nati zinakaza. Wazungu wa chai walimfundisha Papa Guy kupaka grisi kati ya vyuma hivyo viwili ili kutu isivishikanishe. Grisi wakati ule ilikuwa adimu kuliko nyama. Alikuwa na robo kopo tu, ameitunza tangu kabla ya vita, na alipaka uso wa kitovu taratibu kwa kidole, kama anayepaka mtoto mafuta.

Kisha akaenda kuchukua kopo la nati. Nilikuwa nimesimama pale peke yangu na kitovu.

Nilifikiria vilima vya Kabare na Guy akiwa juu ya kile kiti. Nilikuwa nimebaki na mtoto mmoja. Nilikata uzi wa pindo kwa meno, nikaitoa medali, nikaikandamiza kwenye grisi kati ya boliti mbili mpaka ikazama na kupotea machoni. Nilisema Salamu Maria moja, haraka. Papa Guy aliporudi nilikuwa nimeshika kiuno, namlalamikia kwamba chakula kitapoa. Wanaume wakanyanyua gurudumu, likaingia kwenye boliti zake, naye akakaza nati zote nane kwa uzito wake wote.

Guy alifanya safari moja. Aliporudi alizima mashine, akashuka, akamwambia baba yake mbele ya watu, “Papa, mupira ya nyuma ya kushoto inacheza ndombolo.”

Watu walicheka. Papa Guy hakucheka. Alipojaribu nati, mbili zilizunguka kwa vidole vitupu. Alizikaza, akamtuma Guy tena, na safari ya pili zilizolegea zilikuwa tatu. Gurudumu liliingia ndani na kutoka nje kila lilipozunguka, kwa upana wa vidole viwili, na kiti kikamtikisa dereva kushoto na kulia. Safari ya tatu Guy aliteremka mlima na maharage ya akina mama kwenye rimoki, na kwenye kona akahisi trekta limezama upande mmoja. Alisimamisha hatua nne kutoka kwenye korongo. Nati tano zilikuwa zimeanguka njiani. Alirudi nyuma kwa miguu kuzitafuta majanini, akazipata zote, akaja nyumbani kunieleza huku akicheka, na mimi nikamwambia anyamaze.

Tangu siku ile trekta halikutoka. Papa Guy alilizunguka mara tatu, kisha mara tatu nyingine, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akalinyanyua kwa jeki na kuanza kutafuta.

Kwanza alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa kwa nguvu. Kama ruleman, zile beringi zinazobeba ekseli, zimelika, lingegonga. Halikugonga. Kisha alichukua kipande cha ubao, akakipigilia msumari mmoja, akakisimamisha kwenye mawe hivi kwamba ncha ya msumari ilikaribia ukingo wa gurudumu, akamwambia Guy alizungushe polepole kwa mkono. Upande mmoja msumari ulikwaruza chuma. Upande wa pili ungeweza kupitisha vidole viwili kati yake na chuma. Akatia alama ya chaki pale linapotoka nje.

Siku ya pili alisogeza msumari kwenye kitovu chenyewe. Kitovu kilizunguka sawasawa, msumari haukuona tofauti. Kwa hiyo ekseli ilikuwa nyoofu, na tulimshukuru Mungu, kwa sababu ekseli mpya wakati ule ungeipata wapi. Basi kosa liko kwenye gurudumu, alisema. Miaka mitatu limelala chini ya udongo na maji, sahani yake imepinda. Watu walinitazama mimi na lengalenga zangu. Wakalitoa gurudumu, wakalilaza kwenye saruji ya ghala, naye akavuta nyuzi juu yake kutoka pembe hadi pembe na kuchungulia akiwa amelala kifudifudi. Sahani ilikuwa nyoofu. Ukingo ulikuwa nyoofu. Wakalirudisha kwenye kitovu, juu ya grisi ileile iliyoificha medali, maana hakukuwa na nyingine na hakuna aliyekuwa mjinga wa kuifuta. Akaweka msumari. Vidole viwili.

Hapo ndipo maneno yalianza. Kulikuwa na fundi kijana, Edouard, mwenye mashine ya kuunganisha chuma, mtoto mzuri tu, simsemi vibaya. Yeye alishauri gurudumu liunganishwe na kitovu kwa moto moja kwa moja, nati au bila nati. Papa Guy alimwuliza siku mpira ukipasuka atalitoa vipi. Edouard akajibu kwa heshima kwamba, muzee, hilo ni la siku ile. Wengine walisema kwa sauti ndogo kwamba macho ya Papa Stani yamechoka, na mikono pia. Maman Godelive alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa, akanywa maji, akasema chama kitangoja hadi Jumamosi, kisha kazi atapewa Edouard. Alisema vizuri, lakini alisema. Papa Guy alimsindikiza hadi njiani.

Alhamisi tulikula mchana, ugali na maharage, sisi wawili tu. Alikuwa anaukanda ugali mkononi bila kuupeleka kinywani.

“Kitovu iko sawa,” alisema. “Gurudumu iko sawa. Nikiviweka pamoja, inayumba. Mama Guy, hakuna kitu kingine yenye kubakia. Ni mikono yangu.”

Nikamwambia ale. Alitazama viganja vyake.

“Nilimuambia Gloire hana mukono ya hii kazi. Mbele ya batu. Leo ni miye.”

Miaka mitano nilikuwa sijasikia jina hilo kinywani mwake. Aliosha mikono, akavaa kofia, akarudi kwenye ghala kulitazama gurudumu lake.

Nilikusanya vyombo. Tulikuwa na sahani za bati, zile zenye maua ukingoni, na niliziweka moja juu ya nyingine kuzipeleka uani. Ya juu ilikaa upande. Niliibonyeza, ikainuka upande wa pili. Niliibonyeza huku, ikainuka kule. Nikaiinua nione, na kati ya sahani mbili nyoofu kulikuwa na punje moja ya haragwe.

Nilibaki nimesimama na zile sahani sijui muda gani. Ukingo wa sahani uliyumba zaidi ya unene wa haragwe, na gurudumu ni kubwa kuliko sahani mara ngapi. Sikuhitaji fundi. Ni mimi niliyekuwa nimemwangusha mume wangu mbele ya mji mzima, na ni mimi niliyekaribia kumsukumiza Guy kwenye korongo, kwa medali na Salamu Maria moja.

Mtasema basi nenda ukaseme. Ndiyo, lakini kuisema medali ilikuwa kusema kwamba Gloire hakwenda nayo. Ilikuwa kumnyang'anya Papa Guy kitu pekee alichokuwa nacho cha mtoto yule, tena kwa mkono uleule uliompa. Nilifikiria kwenda mwenyewe kuitoa kwa siri. Lakini mwanamke mmoja hawezi kunyanyua gurudumu la trekta. Nilifikiria kusema ni kipande cha bati tu kiliangukia pale. Lakini angekifuta, na angekijua. Nilikaa jikoni nikalia kidogo, kisha nikafunga kitenge na kushuka Kadutu.

Nilimkuta amekaa kwenye jiwe mbele ya gurudumu, msumari wake mkononi. Guy alikuwa mlangoni na vijana wa ghala. Nilikaa kando yake.

“Papa Guy, kuko kitu kati ya kitovu na gurudumu. Niliiweka miye, ile siku ulienda kutwaa nati.”

“Kitu gani?”

“Medali.”

“Medali ya nani?”

“Ya Gloire,” nilisema.

Alimwita Guy na vijana, wakalegeza nati, wakalivuta gurudumu na kuliegemeza ukutani. Alichukua kitambaa, na kwa mara ya kwanza akafuta ile grisi yake ya thamani, yote, boliti kwa boliti. Medali ilikuwa pale, imeshikamana na chuma. Aliing'oa kwa ncha ya bisibisi. Ilikuwa imelainika upande mmoja kwa kubanwa, na Bikira alikuwa amepoteza nusu ya vazi lake. Aliisugua kwenye suruali, akaisogeza karibu na macho.

“Ulisema alienda nayo.”

“Nilikudanganya. Nilitaka moyo yako itulie.”

“Ulipata wapi?”

“Mu mufuko ya salopeti yake. Nilikuwa naenda kuifua.”

“Ile ya kazi?”

“Ile ya kazi.”

Niliogopa kumtazama, nikatazama miguu yangu. Niliposikia sauti yake haikuwa sauti niliyoitegemea.

“Basi aliivua sababu ya kazi. Njo vile nilimufundisha.” Aliigeuza medali. “Miaka tano niko najisemea, mutoto alitwaa medali yake, alifunga safari, hataki kurudia kwa baba mwenye kumutukana. Kumbe aliiacha mu salopeti ya kazi. Mama Guy, alitaka kurudia kesho kwa kazi.”

Akalia. Mume wangu, ambaye hakulia tulipowazika wazazi wake, alilia akiwa amekaa juu ya jiwe, mikono yake yenye grisi ikining'inia katikati ya magoti, na Guy akawatoa wale vijana nje na kusimama mlangoni akitugeuzia mgongo. Mimi nilikuwa nimempa mume wangu dawa bila kumwuliza anaumwa wapi, nikamtazama akiinywa miaka mitano. Alipoitika “Sawa” siku ile nilidhani ametulia. Nilimshika bega nikamwomba msamaha. Akaniambia Gloire alikuwa na desturi ya kusahau vitu mifukoni, kisha akacheka katikati ya machozi, na nikacheka pia, kwa sababu ni kweli, niliwahi kufua mandazi matatu.

Wakafunga gurudumu jioni ile, chuma kwa chuma, na grisi kidogo iliyookolewa kwenye kitambaa. Papa Guy aliweka ubao wake. Guy alizungusha. Msumari ulichora mstari mmoja mwembamba kuzunguka ukingo wote, bila kuruka mahali. Alimwambia azungushe tena, na tena, si kwa sababu alikuwa na shaka.

Jumamosi chama kilikusanyika kwenye ghala. Guy alilizungusha trekta uwanjani mara mbili, na gurudumu likaenda kama lilivyotakiwa kwenda. Maman Godelive akauliza ugonjwa ulikuwa nini. Papa Guy alisimama, kofia mkononi.

“Ilikuwa uchafu kati ya vyuma,” alisema. “Nilifunga bila kupanguza. Kosa ni yangu.”

Akakaa. Nilimwona Edouard akiinamisha macho, na akina mama wawili wakitazamana, na nikaelewa kwamba mume wangu alikuwa ameamua kubeba jina la mzee aliyechoka ili mimi nisisemwe wala kuchekwa. Nikasimama. Kusimama si shida yangu, wanaonijua wanajua. Niliwaambia yote, medali, grisi, haragwe, na uongo wangu wa miaka mitano. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye salopeti sauti yangu ilikatika, nikaingoja irudi, nikaendelea. Nikamalizia kwamba mikono ya Papa Stani haikukosea hata nati moja, na mwenye shaka aje kwangu.

Kila mama mle ndani alikuwa na mtu wake aliyemshonea kitu kwenye pindo, au angependa awe amefanya hivyo. Kisha Maman Godelive akasema, “Mama Guy, siku ingine Bikira umutundike ukutani. Hata yeye alichoka kufinywa.” Wakacheka wote, wengine wakifuta macho. Edouard alibaki nyuma na kumwomba Papa Guy amwonyeshe ile kazi ya msumari na ubao. Alimwonyesha hadi mtoto wa watu akajuta kuuliza.

Trekta lile lililima misimu mingine minane. Papa Guy aliendelea kulizunguka mara tatu, mikono mgongoni. Jina la Gloire lilirudi nyumbani kwetu. Tulilitaja mezani, tukamcheka, tukabishana alipenda nini zaidi, sombe ya majani ya mihogo au sambaza, dagaa wa ziwani. Na ile medali, kwa kuwa mtu wa mashine havai kitu shingoni, mume wangu aliitia mfukoni mwa salopeti yake, mfuko wa kifuani, na kuufunga kwa kifungo. Kila nilipofua niliitoa, nikaiweka dirishani, nikairudisha kabla ya kumpa nguo. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiiache nyumbani mahali salama. Akaniambia, “Miye niko namuchungia tu. Iko ya mutu. Atakuja kuiomba.”

Stanislas alifariki mwaka 2011, kwa moyo, asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Tulipomvalisha suti yake, Guy aliniletea medali, akauliza kama tuiweke kwenye jeneza pamoja na baba. Nikamwambia hapana, airudishe alikoitoa. Salopeti ya baba yake bado inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, nimeifua nimeipiga pasi, na kifungo cha mfuko nimekifunga. Mwenyewe akija, ataikuta.